Mjadala: Tupoze Hewa au Tupoze Mafuta?

Tarehe 21 Oktoba 2007, kwenye uwanja wa Interlagos mjini São Paulo, Kimi Räikkönen alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1 kwa pointi 110, akiwazidi Lewis Hamilton na Fernando Alonso kwa pointi 1 tu. Saa chache baadaye ubingwa huo uliingia mashakani kwa sababu ya joto la petroli. Kanuni za wakati huo zilikataza mafuta yaliyomo ndani ya gari kuwa baridi kuliko hewa ya uwanjani kwa zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi, na ilidaiwa kwamba magari ya Williams na BMW Sauber yalivuka mpaka huo. Matatu kati yake yalishika nafasi ya nne, ya tano na ya sita. Kama yangefutwa na nafasi zikapangwa upya, Hamilton aliyemaliza wa saba angepanda hadi wa nne na taji lingekuwa lake. Wasimamizi hawakutoa adhabu, kwa kuwa vipimo vya joto la hewa vilipishana na hapakuwa na uhakika wa joto halisi la mafuta yaliyokuwa ndani ya magari. McLaren, timu ya Hamilton, walikata rufaa, na mwezi Novemba rufaa hiyo ikakataliwa.

Kisa hicho kimewaachia wengi imani kwamba petroli baridi ni siri ya nguvu, na kwamba injini yoyote itaamka ukiipoza hewa yake, mafuta yake, au vyote viwili. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe haujagawanyika sawasawa. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba nguvu ya injini iko kwenye hewa zaidi kuliko kwenye mafuta, na kwamba kupoza hewa kunalipa pale tu ambapo gari lenyewe limeipasha moto. Kupoza mafuta kunaweza kuponya maradhi fulani ya injini, ila hakuongezi nguvu ya kustahili fedha. Ili hoja isimame au ianguke kwa haki, nazipa nafasi sauti nne ambazo kila mmoja wetu amezisikia gereji au barabarani, kila moja kwa ubora wake, kisha nazijibu.

Sauti ya kwanza: fundi anayefunga vifaa vya kuongeza nguvu

"Ndugu mwandishi, mafuta baridi ni mazito. Nozeli inapofunguka kwa muda uleule, inapitisha petroli nyingi zaidi kwa uzito, na petroli nyingi ni moto mwingi ndani ya silinda. Zaidi ya hapo, petroli baridi ikiingia inapoza na hewa inayokutana nayo, kwa hiyo mteja wangu anapata faida mara mbili kwa kifaa kimoja. Waliobobea katika mbio walilijua hili zamani. Mwaka 1984 timu za Formula 1 zilikuwa zinagandisha petroli kabla ya kuimimina kwenye magari. Kama haina maana, kwa nini wapate taabu hiyo?"

Fundi, hiyo ya 1984 ni kweli, ila sababu yake ilikuwa nyingine. Mwaka huo kujaza mafuta katikati ya mbio kulipigwa marufuku, na kila gari likawekewa kikomo cha lita 220. Kanuni ilihesabu ujazo, wala haikuhesabu uzito. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 1 kila inapopata joto la nyuzi 10, na husinyaa kwa kiasi hichohicho ikipoa. Ukiipoza kwa nyuzi 40, tangi la lita 220 linapokea zaidi ya lita 8 za ziada kwa kipimo cha petroli ya kawaida. Timu zilitafuta mafuta ya kumalizia mbio bila kubana matumizi, na pale ndipo faida ilipokuwa. Gari la barabarani linaloweza kusimama kituo chochote cha mafuta halina tatizo hilo hata kidogo. Na wanaoamkia kituoni alfajiri kwa imani kwamba petroli ya asubuhi ni nzito wakumbuke kwamba tangi la kituo liko chini ya ardhi, na joto lake halibadiliki sana kati ya alfajiri na adhuhuri.

Tuje kwenye nozeli. Injini ya petroli huchoma takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli, na ukikanyaga pedali hadi mwisho kompyuta huongeza petroli kidogo, mara nyingi hadi kilo 12 au 13 za hewa kwa kilo 1. Maana yake ni kwamba katika nguvu ya juu kabisa petroli tayari imezidi, na kinachokosekana ni oksijeni. Ukiongeza asilimia 1 au 2 ya petroli nzito, hupati moto mwingine. Unapata mchanganyiko mzito zaidi, na masizi yanaongezeka. Katika mwendo wa kawaida ndiyo kabisa, kwa sababu sensa ya oksijeni kwenye ekzosti huiarifu kompyuta, nayo hupunguza muda wa nozeli hadi uwiano urudi palepale.

Inabaki faida ya pili uliyoitaja, ya petroli baridi kuipoza hewa, na hiyo tuipime kwa namba. Kushusha kilo 1 ya petroli kwa nyuzi 1 kunahitaji kuondoa karibu kilojuli 2.1 za joto. Ukiipoza kwa nyuzi 20, umejiwekea kilojuli 42. Kilo hiyo moja inagawiwa kilo 13 za hewa, kwa hiyo kila kilo ya hewa inapata kilojuli 3 na kitu, na hewa inapoa kwa nyuzi 3 hivi. Hiyo ni asilimia 1 ya uzito wa hewa, tena ukifanikiwa kuilinda petroli isipashwe moto na mabomba na reli ya nozeli kabla haijafika. Linganisha na kazi ambayo petroli inaifanya yenyewe bila kifaa chochote: ikigeuka mvuke, kilo 1 hufyonza karibu kilojuli 350, yaani zaidi ya mara 8 ya zile 42. Ndiyo maana wanaotaka mafuta yapoze hewa hubadili aina ya mafuta badala ya kuyaweka kwenye barafu. Ethanoli hufyonza zaidi ya mara mbili ya petroli inapogeuka mvuke, na methanoli hupita hapo. Asili ya mafuta ndiyo inayopoza. Joto lake tangini lina mchango mdogo mno.

Sauti ya pili: kijana shabiki wa magari ya kasi

"Basi tuache petroli, kaka. Wewe mwenyewe umekiri kwamba oksijeni ndiyo inayokosekana. Hewa baridi ni nzito, hewa nzito ina oksijeni nyingi. Dodge walipotoa Demon ya mwaka 2018 walichukua gesi ya AC ikapoze maji yanayopoza hewa ya injini, na gari likafikisha nguvu za farasi 840 kwa petroli ya mashindano. Sisi huku Dar joto linatumaliza. Kwa nini nisigeuze AC yangu ikapoze hewa ya injini, au nisiweke barafu mbele?"

Kaka, msingi wako ni sahihi. Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa kavu yenye nyuzi 30 ina uzito wa kilo 1.16, ikifika nyuzi 60 uzito unashuka hadi kilo 1.06. Hiyo ni hasara ya karibu asilimia 9, na ndiyo inayolipata gari ambalo bomba lake la kuvuta hewa limeng'olewa, likawekewa chujio la wazi lililokaa juu ya injini, likivuta joto la rejeta na la ekzosti. Wengi wanalifunga chujio hilo kwa ajili ya mlio, na mlio wanaupata kweli, huku injini ikipumua hewa mbaya kuliko ile ya bomba la kiwandani lililokuwa linachota mbele ya gari au pembeni ya tairi. Kurudisha bomba hilo ni kupoza hewa kwa gharama ndogo kuliko zote, na ni ushauri wangu wa kwanza kwako.

Kushuka chini ya joto la nje ni jambo jingine. Chukua injini ya kawaida isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi 120 hivi, inayovuta gramu 100 za hewa kwa sekunde ikiwa imekanyagwa yote. Hewa ya Dar es Salaam mchana wa joto ina nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70. Ukitaka kuifikisha nyuzi 10, kila kilo ya hewa kavu inakudai kilojuli 22 za kushusha joto, na juu yake kilojuli zaidi ya 30 za kugeuza mvuke kuwa maji, kwa sababu hewa ya pwani haikubali kupoa hivyo bila kuacha unyevu wake. Zaidi ya nusu ya kazi ya AC inaishia kutengeneza matone yanayodondoka chini. Jumla inakaribia kilowati 5.5, ambayo ni kama uwezo wote wa AC ya gari dogo, na kompresa inayotoa uwezo huo inakula kilowati 2 au zaidi kutoka kwenye injini ileile. Ukiongeza upande mmoja na kutoa upande mwingine, zinabaki nguvu chache za farasi, abiria wanatokwa jasho, na mfumo umepata mahali pengi papya pa kuvuja.

Barafu nayo ina hesabu yake. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334. Injini ya turbo ya lita 2 yenye nguvu za farasi 200 huvuta gramu 150 za hewa kwa sekunde. Kuipoza hewa hiyo kwa nyuzi 30 kunadai kilojuli 4.5 kila sekunde, kwa hiyo kilo ya barafu inakwisha baada ya sekunde 74. Kwa mashindano ya robo maili yanayomalizika ndani ya sekunde 10 au 15, hiyo inatosha na kuzidi, na hapo ndipo Demon ilipokusudiwa kushindana: AC inaacha kumhudumia dereva kwa muda mfupi, inahifadhi baridi kwenye maji, kisha gari linaitumia yote mara moja. Safari ya jijini Dar, kutoka Kimara hadi Posta, ni habari nyingine.

Usidhani pia kwamba baridi ya mahali ndiyo inayoamua kila kitu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hata siku ya nyuzi 20, mita ya ujazo ya hewa yake ina uzito wa karibu kilo 0.98, wakati hewa ya Dar yenye nyuzi 32, pamoja na unyevu wake wote, ina karibu kilo 1.14. Injini isiyo na turbo inapata hewa nyingi zaidi kwenye joto la pwani kuliko kwenye ubaridi wa nyanda za juu. Shinikizo lina nguvu kuliko joto, na hilo linatupeleka kwenye turbo.

Sauti ya tatu: mhandisi mwenye shaka

"Mwandishi amenisaidia kazi, kwa hiyo niimalizie. Kama kupoza mafuta ni kazi bure na kupoza hewa chini ya joto la nje ni ghali, basi mjadala wote hauna faida kwa mwenye gari. Hata ile asilimia 9 aliyoitaja haifiki yote kwenye magurudumu. Viwango vya kupima injini za petroli zisizo na turbo hukokotoa kwa kipeuo cha pili cha joto, kwa kuwa hewa baridi hupata moto tena ikigusa manifoldi na valvu. Faida halisi ni kama nusu yake. Na anapotembea mwendo wa kawaida, dereva hana haja ya hewa zaidi. Pedali yake imekanyagwa nusu tu. Intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, nayo inaongeza uzito, mabomba na upotevu wa shinikizo. Watengenezaji wamekwisha kupima haya yote, tuwaachie."

Mhandisi, kuhusu kipeuo cha pili uko sahihi, na nashusha asilimia 9 hadi 4 na nusu kwa gari lisilo na turbo. Uko sahihi pia kuhusu mwendo wa kawaida: hewa baridi haipunguzi matumizi ya petroli ya mtu anayeendesha taratibu, na anayeuza kifaa cha kupoza hewa kwa ahadi ya kubana mafuta mjini anauza ahadi tupu. Lakini hitimisho lako linazidi ushahidi wako, kwa sababu umeipita turbo haraka.

Turbo inasukuma hewa, na hewa inayobanwa hupata moto hata kama haijagusa chochote cha moto. Tuseme hewa inaingia ikiwa na nyuzi 32 na turbo inaliongeza shinikizo lake mara mbili. Kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa inatoka ikiwa na nyuzi zinazokaribia 127. Dereva amelipia shinikizo mara mbili, ila kwa joto hilo uzito wa hewa umeongezeka kwa asilimia 52 tu. Ziada iliyobaki imemezwa na moto. Ipitishe hewa hiyo kwenye intakula nzuri iliyokaa mbele ya rejeta, ishuke hadi nyuzi 55, na uzito wake unapanda tena kwa asilimia 22. Toa asilimia 5 kwa ajili ya shinikizo linalopotea ndani ya intakula yenyewe, kama ulivyosema, na bado umebaki na ziada ya asilimia 16. Hapa joto linalotolewa halikuwa la jua la Dar. Ni joto ambalo mashine imelitengeneza yenyewe, na upepo wa barabarani unaliondoa bila kudai kompresa wala barafu.

Faida haiishii kwenye uzito. Mchanganyiko wa moto hulipuka kabla ya wakati, injini inagonga, na kompyuta inalazimika kuchelewesha cheche ili kuokoa pistoni. Ukiupoza, cheche inaruhusiwa kuja mapema na nguvu inaongezeka bila kugusa turbo. Kwenye Vita Kuu ya Pili wahandisi wa ndege walilitegemea jambo hili: Wajerumani walinyunyiza mchanganyiko wa nusu maji na nusu methanoli, uitwao MW 50, kwenye injini ya Daimler-Benz DB 605, na Wamarekani walinyunyiza maji kwenye Pratt & Whitney R-2800. Maji yakigeuka mvuke hufyonza zaidi ya kilojuli 2,200 kwa kilo, karibu mara 6 ya petroli. BMW walilirudisha wazo hilo kwenye M4 GTS ya mwaka 2016, wakatoa nguvu za farasi 500 kutoka kwenye injini iliyokuwa na 431 kwenye M4 ya kawaida. Gharama yake ni tangi la maji ambalo mtu hana budi kukumbuka kulijaza. Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962 ilikuwa na turbo na tangi kama hilo, na wenye magari wengi wakaacha kulijaza. Kupoza kunakomtegemea dereva akumbuke kila safari ni kupoza kusikodumu, na kwa hiyo naiweka intakula mbele ya vinyunyizio kwa gari la kila siku.

Sauti ya nne: dereva wa lori

"Ndugu zangu, mnazungumza mbio na namba. Mimi nina kontena nyuma na mlima wa Kitonga mbele. Lori linapoanza kukosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi, naambiwa nibadilishe pampu, nozeli, au turbo nzima, na tajiri anasema sijui kuendesha. Na wazee wa kazi wanasema dizeli ikipata moto lori linalegea. Nao wanakosea?"

Dereva, wazee hawakosei kabisa. Pampu za zamani zinazopima dizeli kwa ujazo hutoa mafuta kidogo kwa uzito dizeli inapotanuka, takriban asilimia 0.8 kwa kila nyuzi 10, na dizeli ya moto ikiwa nyepesi huvuja zaidi ndani ya pampu iliyochakaa. Vivyo hivyo magari ya zamani ya kabureta huzimika petroli inapochemka ndani ya bomba. Hapo kuyakinga mafuta na joto kunaponya. Injini mpya za reli ya pamoja nazo hufungwa kipoza mafuta kwenye bomba la kurudishia, ili pampu na nozeli zisiharibike. Yote hayo ni kurejesha afya ya injini. Hakuna hata moja linaloipa lori nguvu ambayo haikuzaliwa nayo.

Lakini moshi wako mweusi unatuambia jambo jingine: dizeli ipo, hewa haipo. Kabla tajiri hajanunua turbo, intakula ikaguliwe. Inakaa mbele kabisa, inapokea vumbi, matope na wadudu wa safari nzima, na ndani yake hukusanyika oili inayovuja kutoka kwenye turbo iliyochoka. Mipira inayoiunganisha hupasuka upande wa chini usioonekana, na klampu hulegea. Ukaguzi wake hauhitaji kompyuta. Injini ikiwa imezimwa, mfumo unazibwa, unajazwa hewa kwa shinikizo lililoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, kisha maungio yote yanapakwa maji ya sabuni. Panapotoa mapovu ndipo nguvu zako za mlimani zinapopotelea. Usisubiri, kwa sababu lori lenye uhaba wa hewa linaunguza ekzosti, turbo na vichwa vya pistoni, na deni dogo la mpira mmoja linageuka deni la injini nzima.

Baada ya sauti zote nne kusikika, msimamo wangu unabaki, ukiwa umepunguzwa pale mhandisi alipoonyesha kwamba umezidi, na ukiwa na kibali kwa wazee wa pampu za zamani. Mwenye gari lisilo na turbo arudishe bomba la hewa la kiwandani na abadilishe chujio kwa wakati. Zaidi ya hapo fedha zake ziende kwenye breki na matairi. Mwenye turbo ailinde intakula kama anavyolinda oili, na akitaka nguvu zaidi aanze kwa kuikuza hiyo kabla ya kuongeza shinikizo. Anayeshindana mbio fupi anaweza kutumia barafu, maji au methanoli, akijua gharama na hatari zake. Kifaa cha kupoza petroli kwa ajili ya kuongeza nguvu, katika gari la barabarani, hakistahili kununuliwa. Nawaomba mafundi wanaoviuza wapime gari la mteja kwenye mashine ya kupimia nguvu kabla na baada ya kufunga, mteja akiwa amesimama hapo, na nawaomba wateja wasilipe senti moja mpaka waione tofauti kwenye karatasi.